Kioo cha Jirani

Kwenye taksi ya kwenda Mbarara, kiti cha mbele yangu, Apolline wa kijiji cha Misiera alikuwa akimweleza mchuuzi Siraje somo la afya ya akili.

“Balitufundisha kila asubuhi tujiangalie mu kioo, tujiambie: ‘Uko muzuri, nakupenda sana.’ Sina kioo, basi naangaliaka mu kioo ya pikipiki ya jirani. Bibi yake sasa ananitafuta na mwiko.”

“Kwani mama, huwezi nunua kioo yako?”

“Mushauri wa ile somo alisema kitu kikikusaidia, usikiache.”

“Na bwana ya pikipiki anasema nini?”

“Siku hizi anaamukaka mapema, anapangusa kioo.”

Siraje alicheka mpaka tukafika kituo cha Ruti; hata mimi nilipata nafuu ya uchovu wa safari. Taksi iliposimama, Apolline alishuka, akainamia kioo cha pembeni cha dereva, akasema maneno yake ya kila asubuhi.

Dereva akazima injini.