Themanini ya Meku Aminieli

Kijiwe cha kahawa cha mji wa Mkuu kiko nyuma ya vibanda vya soko, na asubuhi hiyo benchi lilijaa kabla Mektrida, muuza kahawa, hajamimina kikombe cha kwanza cha kahawa. Gumzo lilikuwa moja tu: nyumba ya mawe ya Mzee Aminieli, Meku kama wazee wanavyoitwa huku. Miezi kadhaa nyuma, Hilaria wa zahanati alipita akiomba watu watundike ukutani kidude cha kupimia radoni, gesi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini na kudhuru mapafu. Kijiwe kizima kilikataa. Meku peke yake ndiye aliyekubali.

— Kidude kilisoma mia tatu themanini! alisema Jesse wa bodaboda, waliyemwita Spidi. Meku, kwako kunatisha.

— Inatoka mlimani hiyo, alisema Filemon, fundi redio, jina la kijiweni Profesa. Kibo inapumua.

— Acha fiksi, Profesa, alisema Spidi. Mlima umelala.

— Kwani wewe ukilala hupumui?

Benchi likacheka. Profesa akanogewa.

— Unadhani migomba yetu inanenepa kwa samadi tu? Radoni hiyo! Na watalii wanaoshuka wakitapika? Radoni!

— Basi tuifungie kwenye mitungi, alisema Spidi, tupikie.

Meku alicheka nao, ila moyoni alikuwa mbali. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, miaka miwili. Siku alipoweka tindo ukutani ili atoboe matundu ya hewa, alipapasa kwanza jiwe moja moja, hadi mkewe Doris akamwambia apumzike. Hakupumzika. Alitoboa sita, kisha akapiga magoti akaziba kila ufa wa sakafu kwa saruji.

— Lakini Meku, alisema Profesa, kuharibu ukuta mzuri vile kwa ajili ya namba?

— Sijaharibu. Niliyeujenga ni mimi, najua pa kuugusa. Wajukuu zangu wanalala mle.

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu.

— Nyumba imepimwa tena. Hilaria kaniletea majibu jana. Themanini.

— Themanini tu?

— Themanini. Wanataka isizidi mia. Soma mwenyewe.

Karatasi ikazunguka benchi zima. Meku alikaa wima kama siku ya harusi yake.

Mwanamke mmoja aliyesimama akisubiri kahawa akainama kuitazama. Alikuwa Beatha, mwalimu mgeni, kahamia juzi kutoka Kahe.

— Shikamoo, Meku. Hongera sana.

— Marahaba, mwanangu.

— Na ninyi wengine, kwenu kidude kilisoma ngapi?

Profesa akatazama ndani ya kikombe. Spidi akaanza kufuta kioo cha pikipiki kilichokuwa safi.

Meku hakuwacheka. Alisogea, akampa mwalimu nafasi ya kukaa.

— Hilaria yupo zahanati mpaka saa tisa, alisema.

Mektrida akatua birika, akajifunga kanga vizuri.

— Meku, nishikie kahawa. Nakwenda kuchukua kidude changu.