Ukurasa Aliouomba Des Trethewey

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Huo mlio mnaousikia nyuma ya sauti yangu si mitambo kuharibika, ni mvua juu ya bati la studio. Mko Queenstown, mji wetu wa mgodi na mvua, mlitegemea nini? Wekeni birika, vuteni kiti. Dakika hizi tunampa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Des Trethewey. Amefariki akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa fundi wa mitambo mgodini, mpaka mgodi ulipofungwa. Na miaka yake ya mwisho alikuwa na kazi nyingine, haina mshahara, haina bosi, na wengi wenu hamkuijua. Des Trethewey alisahihisha makosa ya tahajia. Narudia kwa anayefungua redio sasa hivi. Des alisahihisha makosa ya tahajia katika maelezo ya programu ya kompyuta.

Najua kuna mtu hapo jirani, Gormanston, anacheka. Cheka tu, nakungoja. Hata dada yake alicheka.

Dada yake ni Beryl, mkubwa kwake, anakaa Burnie. Nimeongea naye wiki hii. "Nilimwambia, we Des, wenzako wakistaafu wanavua samaki, wanazunguka nchi na nyumba za magurudumu. Wewe umejifungia ndani unatafuta herufi zilizopotea! Akanijibu, dada, mto wa huku mgodi ulishaua samaki wote. Niache nivue herufi."

Huyo ndiye Des. Akikujibu, unabaki na lako mdomoni.

Lakini ilianza kwa msiba, wasikilizaji wapendwa. Mke wake Noreen mnamkumbuka. Kila asubuhi Noreen alikuwa anapima mvua kwa kile kiglasi chake kwenye ua, halafu anashuka dukani kumtangazia kila mtu, atake asitake. Hawakujaliwa mtoto. Noreen alipofariki, nyumba ikawa na Des peke yake na redio hii. Akaona kiglasi kile kimejaa majani. Akanunua kipimo cha mvua cha umeme, na kompyuta ndogo ya kusoma kipimo hicho.

Programu ya kuendesha kipimo inaitwa Pluvi. Ni programu huria. Maana yake haina mwenyewe mmoja. Unaitumia bure, na ukiona kasoro, hata kwenye maelezo yake, unatuma sahihisho. Msimamizi akikubali, sahihisho lako linaingia, na dunia nzima inasoma ulichonyoosha.

Des akafungua maelezo. Makosa yamejaa, ukurasa wa kwanza tu. Alimwambia Beryl, "Niliona haya kwa niaba yao." Akatuma sahihisho lake la kwanza kabisa.

Na akaharibu.

Alinyoosha neno ambalo halikupaswa kunyooshwa. Msimamizi wa Pluvi akamwandikia. Msimamizi huyo ni Ngaire Tawhai, mwanamke wa Whangārei, ng'ambo kule New Zealand. Mchana anasimamia mabomba ya maji ya wilaya, na muda wake wa ziada anautoa kwa Pluvi. Akamwandikia hivi: "Mzee Des, asante. Ila neno hilo limekosewa mpaka ndani ya programu yenyewe. Aliyeliandika mwanzo alikosea, na vipimo vya watu vimeshalizoea hivyo hivyo. Ukilinyoosha kwenye maelezo, watu watalinakili, na vipimo vyao vitagoma. Tuliache na kilema chake."

Des akajibu, "Sawa, binti. Hata mimi nina shemeji wa namna hiyo."

Ngaire anasema alicheka mpaka mumewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Basi, yakaanzia hapo.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye mtu mwenyewe. Des akikuta makosa kumi kwenye ukurasa, hakuyatuma yote kumi. Alituma moja. Akangoja. Ngaire akilipokea na kumjibu, anatuma la pili. Ngaire alinisimulia kwa mdomo wake. "Nilimwambia, Mzee Des, yafunge pamoja uyatume mara moja, mimi nina kazi. Ananiambia, macho ya uzee, binti, yanaona moja moja. Muongo mkubwa!"

Alituma moja moja kwa sababu kila sahihisho lilikuwa na mkia. Anatuma herufi moja, halafu chini yake anaandika: "Huku inanyesha tangu jana. Huko je?" Ngaire naye: "Huku jua. Usinionee wivu." Kesho herufi nyingine. "Nimekula pai ya kome wa bahari, imeniunguza ulimi." "Pole, Mzee. Uwe unapuliza." Ndiyo mazungumzo yenyewe. Hayana zaidi ya hapo.

Lakini jiulizeni, hapa mjini alikuwa anaongea na nani? Tunamjua Des wa dukani. "Mvua." "Eeh, mvua." Kwaheri. Sisi watu wa huku tunapendana kwa kunyamaza, na tunajisifia jambo hilo. Kwa Ngaire tu ndiko Des alikuwa na mtu wa kumjibu. Mtu mmoja wa kumjibu, hicho tu ndicho alichokuwa nacho.

Halafu siku moja nikamkuta klabuni. Bia yake imeisha povu, hajaigusa. Akanisogezea simu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Asante sana kwa mchango wako muhimu! Tunathamini kila msaada!" Nikamwambia, "Hongera, bwana. Umeshukuriwa."

"Soma na ya jana."

Ya jana ilikuwa hiyo hiyo, neno kwa neno.

"Na ya juzi vilevile," Des akasema. "Ngaire hajawahi kuniwekea alama ya mshangao tangu tujuane. Huyo si Ngaire. Hicho ni kimashine."

Ilikuwa kweli. Pluvi ilikuwa imekua, watumiaji wamekuwa wengi, Ngaire amezidiwa. Wenzake wakaweka mashine ya kutafuta makosa ya tahajia na kuyarekebisha yenyewe. Na mashine nyingine ya kusema asante. Kila aliyetuma kitu alishukuriwa papo hapo, na Ngaire alipumzika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

"Imefagia makosa ya karibu kurasa zote kwa asubuhi moja," Des akaniambia. "Mimi ningekwenda nayo mpaka nife."

"Basi mwandikie umwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemkumbuka."

Aliniangalia kama nimemwambia akacheze uchi katikati ya uwanja wetu wa kokoto, siku ya mechi. "We mtangazaji, umelewa," akasema. Akachukua koti lake, akaondoka.

Lakini aliandika. Hakuandika kwamba amemkumbuka, hilo lingemuua. Aliandika pale wanapojadiliana wote, hadharani: "Naomba niachiwe ukurasa mmoja. Mashine isiuguse. Ule wa kusafisha kipimo unatosha."

Wasikilizaji wapendwa, walimsema. Mmoja akauliza, kwa nini tubakize makosa kwa makusudi, ili mtu mmoja apate la kufanya? Mwingine akasema mzee huyu anatafuta sifa, anataka jina lake lionekane kila siku. Des aliyasoma yote. Beryl anasema siku hizo alimpigia simu akakuta sauti imeshuka. "Akaniambia, dada, nimejidhalilisha. Nikamuuliza, kwa nani? Akasema, kwa watu nisiowajua. Nikamwambia basi kuna hasara gani? Akakata simu."

Katikati ya maneno yale yote, Ngaire akaandika neno moja. "Nimekubali." Akaizuia mashine isiuguse ukurasa ule. Ukurasa wa kusafisha kipimo cha mvua ukawa wa Des Trethewey.

Mngedhani hapo mambo yamekwisha vizuri. Hapana. Maana kazi ya kusahihisha ina ubaya wake, ukiifanya vizuri unajifukuza kazi. Hata alipotuma moja moja, hata alipojivuta, ukurasa ule ukaisha. Ukawa safi. Des akakaa mbele ya ukurasa safi, na mvua yake.

Kisha ukurasa ukaanza kukua.

Siku moja aliamka akakuta aya mpya, kuhusu buibui wanaojenga ndani ya kipimo. Ameiandika Ngaire. Ina makosa mawili. Des akatuma la kwanza, akaongeza kwamba buibui wa huku wakubwa kama sosa. Ngaire akamjibu mwenyewe. Baadaye ikaja aya ya majani. Halafu aya ya kinyesi cha ndege, ndefu kuliko inavyostahili, na makosa humo tele.

Des hakuwa mjinga. Alimwambia Beryl, "Ngaire anaandika kama hakimu. Hakosei. Sasa nani anakosea kuandika neno mvua, kwenye programu ya mvua?"

Beryl akamwambia, "Si umwambie kwamba umeshajua?"

"Wewe ukiletewa keki unauliza kwa nini imeokwa?"

Wakaenda hivyo, miaka. Des aliyejua hakusema, na Ngaire aliyejulikana hakusema. Ngaire alikosea, Des akasahihisha, na katikati yake wakaongea habari za mvua na magoti na pai. Mara moja tu, Des aliteleza. Aliandika, "Tahajia yako inazidi kuharibika, binti. Usijirekebishe."

Mwezi uliopita Ngaire aliandika aya kuhusu barafu ya asubuhi inayoziba kipimo. Aliweka makosa matatu. Akangoja.

Siku hiyo Des hakutuma kitu. Ngaire akasema labda ana mafua. Kesho yake akafungua ukurasa kabla hajanywa chai. Makosa yapo vilevile. Akampigia Des simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Halafu, akiwa Whangārei, ng'ambo ya bahari, akatafuta namba ya polisi wa Queenstown. Akamwambia konstebo, "Nendeni mkamwangalie Des Trethewey. Kuna kosa hajalisahihisha."

Konstebo anakiri alidhani ni mtu wa mizaha. Lakini alikwenda. Alimkuta Des jikoni, kwenye kiti chake. Moyo. Daktari anasema alikuwa amefariki tangu jana yake.

Nasema tena, kwa sababu lazima lisemwe. Aliyejua kwamba Des hayupo ni Ngaire, aliyekuwa hajawahi kumwona kwa macho. Si sisi. Bomba la moshi la Des linaonekana kutoka duka la mikate. Linaonekana kutoka klabuni. Linaonekana kutoka dirisha hili la studio. Tulikuwa kwenye baridi ya Mei, kila nyumba imewasha moto, na halikutoa moshi. Hakuna aliyeuliza. Inaniuma kulitamka hili, na kama nawe linakuuma, ndivyo inavyopasa.

Beryl alipopigiwa na konstebo alibisha. "Nikamwambia, mdogo wangu hana mtu New Zealand, mmekosea nyumba. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nilijua ana kompyuta, na jina la Ngaire nililisikia. Sikujua ana mtu."

Ngaire alikuja mazikoni. Yule mwanamke mrefu aliyekaa nyuma, mliyekuwa mnaulizana ni nani, ndiye yeye. Baadaye, ukumbini, Beryl alimshika mkono na mimi nikiwa pale pale na kikombe changu. Akamwambia, "Alijua, mwanangu. Alijua unakosea makusudi."

"Najua alijua," Ngaire akasema. Akalia hapo, mbele ya watu asiowajua.

Beryl akamuuliza, na yale matatu ya mwisho, nani atayaondoa?

Ngaire akasema, "Mimi siyagusi. Na mashine haitayagusa. Yatakaa pale. Siku moja mtu mwingine atayaona, huko aliko, na ataniandikia habari ya herufi moja. Nitamuuliza kama kwao kunanyesha."

Beryl, pole sana, mama yetu. Poleni watu wote wa ukoo wa Trethewey, hapa na Burnie. Na Ngaire, unayetusikiliza leo kwa mtandao kutoka Whangārei, pole nawe. Nakupa pole ya mfiwa, maana umefiwa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kuwawekea kwanza. Inukeni. Tazameni dirishani, mapaa ya mtaani kwenu. Kila mmoja wenu anamjua anayeishi chini ya paa lisilotoa moshi. Nendeni mkamgongee. Mkikosa la kusema, muulizeni jambo mnalolijua tayari, halafu kaeni mpaka amalize kuwajibu.

Nendeni. Redio itawangoja.