Lewa Menza na Ubao wa Safari ya Misri

Marehemu Lewa Menza alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kaloleni, mtoto wa tatu wa marehemu Menza Nguma na marehemu Gladys.

Alisoma shule ya misheni Kisauni hadi darasa la saba, mwaka 1973. Hapo mwalimu wake, Phineas, alimwonyesha kitabu cha picha zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa Ulaya miaka mia tano iliyopita: misitu na milima mikubwa, na watakatifu wadogo wakipita chini yake. Hakuzisahau.

Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji Changamwe. Jioni alichonga mbao zake mwenyewe, akazipaka wino na kusugua karatasi juu yake kwa mgongo wa kijiko. Mwaka 1986 alimwoa Ruth Kafedha, aliyezoea kupika kwa vijiko vyenye wino.

Mwaka 2019 alilipelekea kanisa picha ya safari ya kwenda Misri: mikoko, kreni za bandari ya Kipevu kwa mbali, na familia takatifu ndogo sana. Mzee wa kanisa, Musyoka, akauliza, “Mzee Lewa, Yesu yuko wapi humu? Naona mikoko tu.”

“Anatafutwa na mfalme auawe,” baba yangu akajibu. “Wewe ungemchora mkubwa?”

Watu walicheka, lakini picha haikutundikwa. Baba alirudi na wasiwasi usiomtoka: je, amemficha mno?

Akaanza ubao wa pili wa safari ile ile, mkubwa zaidi. Mwaka 2022 presha ya macho ilianza kumpofusha, akawa anachonga kwa kupapasa. Kila asubuhi alimwita bintiye Nyamvula, ndiye mimi ninayesoma wasifu huu.

“Abee, baba.”

“Mtoto bado yupo? Sijamkata?”

“Yupo, baba.”

Leo nakiri: sikuwa na hakika. Niliona mikwaruzo tu.

Novemba 2024 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Kitandani hospitalini aliuliza lile lile, nami nikajibu lile lile. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Tuliuogopa ule ubao. Alhamisi mama akasema, “Pigeni chapa. Siwezi kumzika bila kujua.” Tulipobandua karatasi, tuliona patasi iliteleza, ikapasua bega la Mariamu, ikakomea hapo. Mtoto yupo, mzima. Mama alikaa chini akalia. Picha hiyo iko kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi.

Ameacha mjane, Ruth Kafedha; watoto Nyamvula, Masha na Sarah; na wajukuu wanne.

Bwana ampokee, ampumzishe bila wasiwasi tena.