Mdudu Aliyejenga Tembe Mchangani

Mwaka ule sukari ilikuwa hadithi. Unasikia imeonekana Arusha, ukifika unakuta gunia tupu na watu wakilaumiana. Kwa hiyo kahawa ya Bibi Rozalia ilinywewa chungu, na benchi lake mbele ya gereji pale Karatu halikukosa watu hata hivyo. Katikati alikaa Josephati, mdogo wa marehemu mumewe. Walimwita Spika, kwani hakuna neno lililoisha pale kabla hajaligongea fimbo. Kulia kwake alikuwa Wilibrodi, fundi wa Landrova, yaani Spana. Kushoto ni Hilari, Mnyaturu wa Singida, kibarua kwenye shamba la kahawa, nao walimwita Redio maana hazimiki. Jioni hiyo palikuwa na mgeni benchini: chupa ya jamu yenye spiriti, na ndani ya spiriti mdudu. Hyasinta, mjukuu aliyelelewa na Rozalia kule Endabash mpaka akafika Chuo Kikuu, ndiye aliyekuja naye kutoka pwani. Kesho asubuhi ilikuwa apande basi arudi kwenye masomo yake. Ila kwao mtu haendi mbali bila slufay, sala ya wazee, na mwenye kuisoma alikuwa Spika. Naye Spika alikuwa ameikalia.

— Nitaisoma, alisema, nikijua mwanetu anafuata nini huko. Mtoto wa mlimani na bahari wapi na wapi? Kwetu mgeni huulizwa ukoo kwanza. Haya, huyu ni wa ukoo gani?

Rozalia akayachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Darasa hakulijua, lakini alijua mtoto anayesafiri bila baraka hutembea akigeuka nyuma.

— Tandu huyo, alisema Spana. Hesabu miguu.

— Si tandu, mjomba, alijibu Hyasinta, aliyesimama nyuma ya bibi yake. Tandu ana gamba. Huyu ni laini, pete juu ya pete, na kila pete ina vinywele vigumu kama vya brashi. Binamu yake ni nyungunyungu.

— Nyungunyungu huyu wa kwenye mahindi yangu? Spika akashtuka.

— Huyo huyo, Babu. Na ruba naye yumo.

— Ruba! Redio akapiga paja. Ndugu kama huyo ningehama usiku.

— Na hiyo miguu je? aliuliza Spana.

— Miguu si ukoo, mjomba. Hata meza ina miguu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Spana kwa hasira. Ndiyo maana Mungu akampa miguu yote hiyo na bado akashikwa. Mimi nasema ni tandu wa enzi za Nuhu. Alichelewa safina, maji yakamzoa, magamba yakalainika kama ngozi iliyolowekwa.

— Acha fiksi, Spana, alisema Redio.

— Sasa wewe Redio sema lako.

— Mwenda tezi na omo marejeo ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake ametokea Ziwa Eyasi. Maji ya chumvi ni maji ya chumvi.

— Eyasi inatoka kwenda wapi, wewe?

— Chini kwa chini! Umewahi kuchungulia?

Spika akagonga fimbo. Hapo Hyasinta akafungua kitambaa, akatoa kitu kama kijiti kikavu, akakiweka kwenye kiganja cha bibi yake.

— Nyumba yake hii, Bibi. Bahari ikirudi nyuma, mchanga unabaki wazi. Yeye anakaa humo ndani. Anaokota punje moja moja, na vipande vya kombe, anagandisha kwa ute wake. Adui akipita anazama ndani, anatulia.

Rozalia akakigeuza kwa vidole. Kila punje ilikuwa imekaa mahali pake. Akaisikia sauti ya mama yake, marehemu siku nyingi, akisimulia tembe, nyumba za zamani zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo likaoteshwa nyasi, mpaka mshambulizi wa Kimasai anapita juu na ng'ombe asijue kuna watu chini. "Ukisikia kwato juu ya paa," mama alikuwa akisema, "mpe mtoto titi anyamaze, na wewe acha kupumua."

— Shemeji, alisema Rozalia, na hakuwa na desturi ya kuingilia bunge. Umeuliza ukoo. Huyu amejenga tembe. Huyu ni Mmbulu kama sisi.

Benchi likalipuka.

— Penye miti hapana wajenzi! alipaza Spana. Baharini hakuna miti, ndiyo maana wamejaa mafundi!

— Basi na kreta ya Ngorongoro, alidakia Redio, ambaye alikwisha kuisahau Eyasi, mnadhani nani alichimba? Babu yake! Shimo lile ni tembe, paa tu ndilo lililobomoka!

Hata Spika alicheka, akajikamata, akashika fimbo. Lakini sala hakuitaja. Rozalia akaona.

Ndipo akafika Lembris, Mmasai wa Sale aliyeshusha mbuzi mnadani.

— Sopa!

— Ipa! Karibu, alisema Spana. Tunamzungumzia mtu aliyejificha babu yako asimwone.

— Babu yangu alifuata ng'ombe wake tu. Ninyi ndio mlioingia nao shimoni.

Wakacheka. Lembris akapokea kikombe, akainama, akaitazama chupa kwa muda mrefu.

— Anaitwa nani?

— Ana jina la Kilatini, alisema Hyasinta. Refu.

— Hilo la kwao. La kwetu?

Spana akatazama Landrova. Redio akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Spika akamgeukia Hyasinta.

— Wavuvi wanamwita chambo, Babu.

— Chambo ni kazi, si jina, alisema Redio polepole. Kama mimi shambani. Kibarua njoo, kibarua beba. Hilari hawamjui.

Spika akaiinua chupa, akaitazama.

— Na wewe, mjukuu wangu, humjui kwa jina?

— Simjui, Babu. Hajapewa. Nimewauliza mpaka walimu.

Spika akavua kofia, akasimama, akaielekeza fimbo kule ambako basi lingepita. Slufay ikaanza, taratibu, kwa sauti ya kifuani, na kila alipotua wenzake waliitikia eee. Alipofika pa kuutaja ukoo wa msafiri aliutaja wa Hyasinta, akavuta pumzi, akaongeza:

— Na wa yule mwenye tembe mchangani, asiye na jina, mpaka mwanetu amletee.

— Eee, waliitikia. Lembris naye, ingawa lugha haikuwa yake.

Rozalia akainua birika ajaze vikombe. Lilikuwa tupu, na yeye bado alikuwa akimimina.