Chungu cha Kanduyi na Chungu cha Mombasa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kaeni tu, sitawachelewesha. Ninaitwa Nekesa, nauza vyungu hapa Kitale, na nimekuja kumshukuru Mungu asiyechoka na maswali yangu. Wanaonijua wanajua nauliza sana. Hata kwenye matanga nauliza.

Vyungu hivyo anavifinyanga mama mkwe wangu kule Mabanga, karibu na Bungoma. Ni mjane, na udongo ndio shamba lake. Nilipoanza kuviuza kwenye soko la mtandaoni, oda zikaja mpaka nikaimba! Watu wa mijini wanataka kupikia mboga za kienyeji kwa chungu, nani angejua? Lakini kila chungu kilichosafiri mbali kilituachia hasara. Tulivifunga vizuri kwa majani makavu ya migomba, hakuna kilichovunjika, na bado faida haikuonekana.

Wenzangu wa ushirika wa maombi wakasema ni roho ya mlaji, ile inayokula jasho la mtu. Dada Nasimiyu akanivuta kando: "Si unaona, bana? Ati kuna mtu ameviangalia hivyo vyungu kwa jicho baya." Tukafunga, tukaomba, tukavipaka vyungu mafuta mpaka vikang'aa! Hasara ikabaki palepale.

Kilichoniumiza ni mama. Kwao, mfinyanzi akiona kazi yake haizai, anaamini udongo umemkataa, na akishalitamka hilo hafinyangi tena. Akaniambia, "Mwanangu, udongo umenikataa. Usiniletee tena habari za oda." Nililia, ndugu zangu! Yule mama bila udongo anakaa tu mlangoni akitazama barabara.

Asubuhi moja nikaomba maombi ya ajabu. Sikuomba nguvu wala ushindi. Nilisema, "Bwana, huyu mlaji anakula nini hasa?" Nikafungua simu. Nikaona hesabu ya vyungu viwili, mapacha kabisa, bei moja. Kimoja kilienda Kanduyi, pale pale karibu na Bungoma, kingine Mombasa. Lakini soko lilikata ada kubwa zaidi kwa kile cha Mombasa. Nikajiuliza, chungu cha Mombasa kimefanya dhambi gani?

Hapo Bwana akanifungua macho! Ada ilikatwa kwenye bei ya chungu, na ikakatwa tena kwenye nauli ya mzigo. Nauli yenyewe naipokea kwa mteja na kuipeleka yote kwa ofisi ya vifurushi, sibaki na hata shilingi, lakini nakatwa kana kwamba ni mapato yangu! Na chungu ni kizito, kikienda mbali nauli inakaribia bei yake.

Nikawaandikia wenye soko: hakuna njia nyingine? Wakajibu ipo, mteja anaweza kulipa nauli mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi akichukua mzigo wake, na hiyo haikatwi ada. Ilikuwepo siku zote, hakuna aliyeuliza!

Nikakimbia Mabanga. Nikamwambia mama udongo haujamkataa, ni ada ya nauli. Akauliza, "Hiyo Mombasa iko mbali aje?" Haleluya! Kesho yake alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

Asanteni mliofunga pamoja nami. Na wewe ambaye jasho lako linapotea na hujui linaenda wapi, mwamini Bwana kiasi cha kumuuliza. Hakasiriki. Mimi nimemsumbua maisha yangu yote na bado ananijibu. Nani ana swali leo? Njoo hapa mbele, tumuulize pamoja.