Saa Sita Zilizopotea Mogogosiek

Mkabala na senta ya kuuzia majani chai, huko Mogogosiek, kuna benchi ya mbao ambayo wenyeji huiita Bunge. Hapo Dorcus huuza kahawa, maana chai kila mtu anayo kwake, na hakuna mjinga wa kununua alichokichuma mwenyewe. Asubuhi za kuchuma benchi hiyo huwa ya kuku. Lakini Alhamisi hiyo, saa mbili na nusu, ilikuwa imejaa pomoni, na walioikosa nafasi walikuwa wamekalia vikapu vyao vitupu. Chepchumba, karani wa senta, alitoka ofisini na laptopu kwapani, akauona ule umati, akauendea.

— Chamgei, Mzee, alisema akimsalimia mzee Kiptum, ambaye kijiwe kizima kilimwita Hansard kwa sababu kila neno lililosemwa tangu uhuru alilikumbuka, hata lile ambalo halikusemwa. Mbona hamjaenda kuchuma?

— Tuchume ya nini saa hii? Si wewe umetuambia lori ni saa kumi?

Hansard aliinua simu yake. Ujumbe ulikuwa pale: LORI ITAFIKA LEO SAA KUMI. Wakulima mia tatu walikuwa wameupata. Na dakika tano tu zilizopita dereva alikuwa amempigia Chepchumba akimwambia anatoka kiwandani, atafika saa nne asubuhi. Baada ya hapo hakuna lori hadi Jumatatu, na majani yakikomaa mtini kiwanda hakiyataki.

Programu ya kutuma ujumbe ilikuwa ya Chepchumba. Aliiandika mwenyewe mwaka juzi, na mamake alitangaza kanisani.

— Mzee, ni saa nne. Si saa kumi. Nimekosea.

Hakuna aliyeinuka, maana simu zao bado zilisema saa kumi; benchi ikaanza kazi yake.

— Umekosea aje na ni kombyuta? aliuliza Nyang'au, fundi wa pikipiki, aitwaye Spana hata na mke wake.

Chepchumba alikaa ukingoni, akafungua laptopu magotini. Aliongea huku akitafuta kosa.

— Programu ya Python huwezi kuandika yote peke yako. Unachukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine. Vinaitwa laibrari. Jana niliona maandishi ya manjano, ati laibrari zangu ni za zamani. Nikaziapgredi zote. Zote mara moja.

— Ngoja, alisema Hansard. Python si ni chatu?

— Ni jina tu, Mzee.

— Umeleta chatu kwa senta ya wakulima, halafu unauliza kwa nini watu hawachumi.

— Mimi naona ni mambo ya laibrari, alisema Dorcus akimimina. Kuna mtu ameazima kitabu hajarudisha. Hata shuleni kwetu ilikuwa hivyo, kitabu kimoja kikipotea hamna mtu anafanya mtihani.

— Hapana, ni spea, alisema Spana. Ameweka spea feki. Chep, ulikagua kama ni jenyuni?

— Ni jenyuni. Hii hapa, nimeiona! Chepchumba alisogeza macho karibu na kioo. Kuna laibrari ndogo inageuza saa ya kizungu kuwa saa yetu. Kumi asubuhi ya kizungu, inatoa sita, inaandika saa nne. Mwenyewe ameibadilisha. Sasa haitoi sita mpaka uiambie kila mahali saa inapotajwa, na ni pengi mno. Alikuwa ameandika hapa chini, lakini sikusoma.

— Mwenyewe ni nani?

— Mtu mmoja. Sijui anakaa wapi. Huwa anaandika jioni akitoka kazi, na halipwi.

— Halipwi! Hansard aligonga ardhi kwa fimbo. Basi hiyo ni wazi. Mtu halipwi, amechukua saa zetu sita. Sita kwa kila mtu! Mara watu mia tatu ni ngapi, Spana?

Spana alihesabu kwa vidole, akaazima vya Dorcus.

— Elfu moja mia nane. Hizo ni siku sabini na tano.

— Siku sabini na tano! Miezi miwili na nusu ya Mogogosiek imekaa kwa mtu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa mgeni amekuja, mwenyeji amepona nini?

— Hata mimi nilishangaa mahindi yangu yanakawia, alisema Dorcus.

Chepchumba hakuwa akisikia tena. Alikuwa ameiamuru mashine irudishe ile laibrari ya saa iliyokuwepo jana, nayo mashine imekataa. Laibrari ya kutuma ujumbe, baada ya kuapgrediwa, haikutaka kukaa na ile ya zamani ya saa. Alijaribu tena. Ikakataa tena, kwa maandishi mekundu. Saa mbili na dakika hamsini.

— Zinagombana, alisema. Chungu ni kimoja, huyu anataka chumvi, huyu anaikataa. Zamani zilikuwa zinaelewana, lakini mimi sikuandika popote kila moja ilikuwa namba ngapi.

Spana aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini.

— Chep, mimi nikifungua injini ya mtu, kila skrubu inapangwa kwa karatasi vile imetoka. Nikichanganya, natafuta pikipiki ingine kama hiyo, ambayo haijaguswa, nakopi. Hakuna mtu ako na kama yako haijaguswa?

Chepchumba aliinua kichwa. Zack! Walisoma pamoja chuoni, naye alikaa Londiani akimsaidia wikendi. Zack alikuwa na programu hiyo hiyo, na alikuwa mvivu kupita kiasi. Alimpigia.

— Zack, uliapgredi ile kitu nilikuambia?

— Maze Chep, nisamehe. Nilisema nitaifanya hii wikendi, si unajua—

— Mungu akubariki! Usiiguse! Nitumie majina ya laibrari zote na namba zake. Sasa hivi.

— Haraka haraka haina baraka, alishauri Hansard, akanyamazishwa na benchi nzima.

Orodha ilikuja, mistari ishirini na mitatu. Chepchumba alifungua nafasi mpya pembeni, safi, isiyo na chochote cha jana, akaiambia mashine iweke zile ishirini na tatu kwa namba zilezile, bila kuzidisha wala kupunguza. Watu walisimama nyuma yake wakitazama kioo kama wanaoelewa. Akajaribu kwa simu moja, ya Hansard. Ikalia: LORI ITAFIKA LEO SAA NNE.

— Kweli! alipaza sauti Hansard. Wamerudisha!

Alipobonyeza ya watu wote, benchi nzima ililia mifukoni, kisha ikatawanyika. Spana aliruka ua. Hansard, miaka sabini na mbili, alipita mbele ya Spana. Kutoka mlimani zilisikika kelele za watu wakiitana, na mashamba yakajaa migongo iliyoinama.

Lori ilifika saa nne na dakika kumi. Wengi walipima nusu kikapu, wachache robo, Dorcus kiganja kimoja, lakini hakuna aliyekosa kabisa. Walirudi benchini wakihema, matope mpaka magotini, wakamsifu Chepchumba, wakamsifu Zack kwa uvivu wake, na Hansard akasema akufaaye kwa dhiki ndiye aliyelala.

Benchini walimkuta Gesare, mama mgeni aliyehamia juzijuzi kutoka upande wa Sotik. Alikuwa amepima vikapu viwili vilivyojaa pomoni, wa kwanza kabisa kwenye foleni, na sasa alikuwa anakunywa polepole kahawa aliyojimiminia.

— Wewe ulijuaje? aliuliza Dorcus.

— Kujua nini? Simu yangu haina chaji tangu Jumapili. Nimechuma asubuhi tu, kama kila siku.

Wakamsimulia yote, kila mtu kwa njia yake: chatu, kitabu, spea, siku sabini na tano. Gesare alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Hansard kwa heshima.

— Lakini Mzee, nyinyi mmekaa hapa miaka mingi. Hii lori imewahi kuja saa kumi siku gani?

Hansard alitazama mlima, akatazama barabara. Kisha akaanza kupangusa matope kwenye fimbo yake. Spana alianza kusafisha kucha. Chepchumba aliinama juu ya laptopu, akaanza kuandika namba za laibrari, moja moja, kama mtu aliye na kazi nyingi sana. Dorcus aliinua birika amwongezee kila mtu, akalitikisa.

— Kahawa imeisha, alisema.