Mikono Mfukoni: Maisha ya Mzee Laban Oduor, 1941–1998

Mzee Laban Oduor, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1941 karibu na Sondu, mtoto wa tatu wa Mzee Oduor Nyangweso na Mama Turfosa. Mama yake alizoea kusema kwamba alitembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na tangu hapo hakukaa kitako.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa mitambo mjini Kisumu. Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha sukari Muhoroni. Januari 1974 alihamia kiwanda cha barafu cha Bwana Gurbachan, kando ya ziwa, ambako malori ya samaki yalipakia barafu. Huko alisifika kwa kuweka bisibisi sikioni, ncha yake juu ya kompresa, na kutaja beringi itakayokufa wiki ijayo.

Alifunga ndoa na Dorca Awuor tarehe 6 Desemba 1969. Waalikwa walimngoja nusu saa, kwa sababu jenereta ya kanisa ilikuwa ikikohoa naye hakuweza kuipita.

Tarehe 1 Julai 1986 alifanywa msimamizi wa mafundi kumi na mmoja. Bwana Gurbachan alimwambia, "Laban, spana weka chini. Sasa shika watu." Spana hakuiweka chini. Kiti alichopewa ofisini kilikaa na nailoni yake zaidi ya miaka miwili. Fundi akichelewa kufungua nati, Mzee alimpokonya spana kwa upole na kuifungua mwenyewe. Jioni, wote wakishatoka, alipita akikaza upya kila bolti waliyoikaza, asimwambie mtu. Alidhani hawajui.

Tarehe 14 Machi 1989 alikuwa Sondu kumzika shangazi yake. Siku hiyo kifuniko cha kompresa kiliachia, na gesi ya amonia ikampata usoni Walubengo, fundi aliyekifunga jana yake. Alilazwa wiki tatu akiwa na bendeji machoni, na hakuna aliyejua kama angeona tena. Mzee alikwenda kila siku. Benchi la wageni hakulikalia; alizunguka kitanda. Siku ya nne alimuuliza kwa nini hakukaza bolti za kile kifuniko. Walubengo alijibu bila hasira, "Mzee, kila jioni unapita nyuma yetu. Nilijua utapita."

Jicho la kushoto lilipona. La kulia halikupona.

Wiki ileile aliyopewa jibu hilo, Mzee alimwomba Dorca ashone mifuko mirefu kwenye koti lake la kazi. Kuanzia hapo, fundi alipofunga mashine, Mzee alisimama kando, mikono imezama mfukoni, ikifurukuta kama samaki kikapuni, akiuliza tu, "Umesikia nini?" Mafundi walimtania kwamba amebeba mayai. Dorca anasema hakuna kazi iliyomchosha kama hiyo. Akifika nyumbani aliifungua redio yao nzima vipande vipande na kuiunganisha tena, mara nyingine mara mbili kwa jioni moja. Alipostaafu mwaka 1996, Walubengo ndiye aliyeshika usimamizi, pamoja na ile bisibisi.

Novemba 1997 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa mjini Kisumu. Jumamosi tarehe 21 Februari 1998 aliisikiliza feni ya dari, akasema beringi yake imekwisha. Walubengo, aliyekuja kumjulia hali, alikuwa amekwishapanda juu ya kiti.

"Shuka," Mzee akamwambia. "Wana fundi wao. Mwite, mwambie ulichosikia, halafu umwache."

Fundi alikuja, akafanya kazi polepole sana. Mzee alimtazama mwanzo hadi mwisho, mikono yake chini ya blanketi. Alfajiri ya Jumapili, feni ikizunguka bila sauti, alituaga.

Ameacha mjane wake Dorca, watoto Peres, Nashon na Risper, wajukuu wanne, na mafundi kumi na mmoja wanaokaza bolti zao wenyewe. Mungu ampe pumziko la amani, ambalo hapa duniani hakupata nafasi ya kulijaribu.